Pikipiki Mpya Inasumbua: Kutafuta Chanzo na Kuirudisha kwa Aliyekuuzia

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazouzwa Mwanza hufika dukani zikiwa ndani ya makasha: usukani umelazwa, tairi la mbele limetolewa, betri haina asidi. Anayeziunganisha ni fundi wa duka, tena kwa haraka, kwa sababu wateja wamesimama nje wanasubiri. Ndiyo maana ubovu wa pikipiki mpya unaweza kuwa umetoka kiwandani, umetoka kwa fundi huyo, au umesababishwa na mwendeshaji. Muuzaji atakimbilia hilo la tatu kabla hujamaliza kueleza. Kazi yako ni kujua tatizo limetoka wapi kabla mtu yeyote hajaligusa, na kuwa na ushahidi wake.

Kabla ya spana

Usiipeleke kwa fundi wa kijiweni, hata kama ni rafiki na hatachukua hela. Bolti ya injini yenye kichwa kilichochubuka, silikoni mbichi kwenye maungio au waya uliokatwa na kufungwa utepe ndivyo vitu vya kwanza ambavyo fundi wa duka atavitafuta. Akivikuta, waranti imekufa. Alamu, muziki na taa za ziada huingia hapo hapo: vikifungwa kwa kukata waya za asili, tatizo lolote la umeme linageuka kuwa lako.

Unachoruhusiwa kugusa ni kile ambacho kitabu cha pikipiki kinamwachia mwenye chombo: kiwango cha oili, plagi, fyuzi, upepo, cheni, ulegevu wa nyaya za klachi na resi, na skrubu ya kumwaga petroli chini ya kabureta. Mengine yaache.

Piga video tatizo likiwa linaendelea. Ianze kwenye mita ya kilomita, ishuke kwenye namba ya fremu iliyogongwa shingoni, kisha ionyeshe ubovu wenyewe bila kukata. Video ya moshi isiyoonyesha ni pikipiki gani haina uzito mezani.

Haiwaki

Mambo ya aibu kwanza. Swichi nyekundu ya kuzimia injini iko upande wa kuwasha? Koki ya mafuta imefunguliwa? Tenki lina kitu? Pikipiki hutoka dukani na mafuta ya kufika kituo cha karibu tu. Mtu akiichukua katikati ya mji akasema atajaza Igoma, anaweza kuishia njiani, halafu akalalamika kwamba ameuziwa kimeo.

Kama hayo yako sawa, fungua plagi. Ivalishe kichwa chake cha waya, ilaze chuma chake kiguse injini mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayopiga mlio mkavu ni nzima. Ya njano na dhaifu, au kutokuwepo kabisa, kunaelekeza kwenye kichwa cha plagi, koili, CDI (kisanduku cha umeme kinachopanga muda wa cheche) au swichi. Kabla ya kulaumu CDI badilisha plagi kwa mpya ya namba ile ile, maana ni kifaa cha bei ndogo na huharibika kweli. Mwanya wake kwa injini hizi huwa kati ya mm 0.6 na 0.8.

Plagi ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui: choki imeachwa imevutwa, au cheche hakuna. Ikitoka kavu baada ya kiki kumi, mafuta hayafiki. Hapo ndipo kabureta inapokuja, na hapo ndipo ugomvi mwingi na wauzaji huanzia.

Chukua glasi safi. Legeza skrubu ya chini ya kabureta, injini ikiwa baridi na hakuna moto karibu, umwage kilichomo. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwepo yatakaa chini kama shanga zinazoteleza ukiinamisha glasi. Mchanga na vumbi la kutu utauona kwa macho. Ukiona maji, jiulize umejaza wapi. Petroli ya chupa, ile inayouzwa visiwani na vijijini kando ya ziwa, huenda imechanganywa mafuta ya taa au kuhifadhiwa kwenye madumu yenye maji, na kwa hilo muuzaji hana deni kwako. Kwa mwezi wa kwanza jaza kituoni na utunze risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) za kituo, ili neno la "mafuta machafu" lipate jibu. Kutu kutoka ndani ya tenki jipya ni habari nyingine. Mulika tochi ndani ya mdomo wa tenki. Ukikuta wekundu, hilo ni la kiwandani, na unadai tenki zima, si kusafishiwa kabureta.

Inawaka, halafu inakata moto njiani

Ikizima baada ya kilomita kadhaa, ikapumzika kidogo na kuwaka tena, simama ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuuu" na injini ikakubali mara moja, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Ni kosa dogo. Omba kifuniko kipya. Ikizima ikiwa moto na kukataa kuwaka mpaka ipoe, hata ukifungua kifuniko, kagua cheche pale pale ilipozimia. Koili na CDI mbovu hufanya kazi zikiwa baridi na kufa zikipata joto. Ukiifikisha dukani asubuhi imepoa, fundi atawasha mara moja na kukuambia haina tatizo. Mwambie aiendeshe mpaka ichemke, au umwonyeshe video.

Ikizima ikiwa silensa tu (injini ikinguruma bila kuvutwa resi), au ikipandisha resi unapokata kona, tazama waya wa resi. Geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, injini ikiwa silensa. Mlio ukibadilika, waya umepitishwa vibaya wakati wa kuunganisha na unavutwa. Hili ni la hatari, kwa sababu pikipiki inaweza kukurusha mbele kwenye kona ya kwanza. Waya wa resi unatakiwa uwe na ulegevu wa mm 2 hadi 6 kwenye mkono.

Moshi

Moshi wa dakika chache za kwanza kwenye ekzosi mpya ni mafuta ya kuzuia kutu yanaungua. Usiogope. Moshi mweupe wa alfajiri unaopotea ni unyevu.

Moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu ni petroli kuzidi: choki, filta ya hewa iliyoziba, au kabureta. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani itachoma mafuta kwa wingi kidogo huku. Hiyo hurekebishwa dukani, wala si sababu ya kurudisha chombo.

Moshi wa bluu ndio wa kushughulika nao. Anza na kiwango cha oili, kwa sababu fundi wa duka anaweza kuwa amezidisha. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali tambarare, iwake dakika 2 au 3, izime, subiri dakika nyingine 2 au 3, ndipo upime. Kwenye pikipiki nyingi stiki hupimwa bila kuzungusha nyuzi zake, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. Oili ikiwa juu ya alama, itapita kwenye mpira wa kupumulia, iingie kwenye boksi la filta na kuungua. Irudishe kwenye kiwango, safisha boksi, endesha siku mbili. Moshi ukiisha, yameisha.

Oili ikiwa sawa na moshi ukaendelea, angalia unatoka lini. Ukitoka pale unapowasha asubuhi kisha ukakoma, sili za vali zinavujisha. Ukitoka kila unapovuta resi, na plagi ikawa imelowa oili nyeusi, ni ringi au silinda. Weka kumbukumbu: kilomita, kiwango cha oili kwenye stiki, picha. Injini mpya inayoshuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kabla ya sevisi ya kwanza ina kasoro, na kuongeza oili kila wiki ni kumsaidia muuzaji kupitisha muda wa waranti.

Haina nguvu

Usipime kwa maneno ya kijiweni. Tafuta pikipiki ya aina hiyo hiyo, dereva yule yule, abiria yule yule, na mlima mmoja, mathalani kupanda Bugando. Kumbuka kwamba kimo hiki cha Kanda ya Ziwa kinapunguza nguvu ya injini kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani, kwa hiyo aliyezoea kuendesha Tanga ataona kila chombo cha Mwanza ni kizito.

Ikishindwa kweli, gusa vikombe vya magurudumu (sehemu ya katikati yenye breki ndani) baada ya kilomita tano za kuendesha bila kushika breki sana. Kikombe kinachounguza mkono kina breki iliyokazwa mno. Ining'inize kwenye stendi kubwa, weka fri, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Linatakiwa lizunguke raundi kadhaa lenyewe.

Kisha klachi. Ukiwa gia ya tatu, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, vuta resi kwa nguvu. Injini ikipiga kelele lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Mara nyingi waya umekazwa bila kubakiza ulegevu wowote mkononi. Sababu nyingine ni oili ya gari: klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ya injini, na oili za gari zenye vilainishi maalumu huifanya iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, kwa kawaida 20W-50. Ukibadilisha oili mwenyewe ukaweka ya gari, umejifungia mlango wa waranti kwa mkono wako.

Milio, gia na mtikisiko

Mlio mwepesi wa "tik-tik" juu ya injini ni vali, na husetiwa sevisi ya kwanza. Mlio mzito wa kugonga, "ko-ko-ko", kutoka chini unaoongezeka ukiwa na mzigo ni wa kuzima injini na kuita kirikuu (pikapu ndogo). Usiendeshe hadi dukani, kwani ukiivunja njiani utaulizwa kwa nini uliendelea.

Gia inayoruka yenyewe, hasa ya pili, ukiwa umevuta resi, haitokani na cheni wala klachi. Ni sanduku la gia, na hilo ni la kiwandani.

Kuunguruma kwa chuma mwendo ukiongezeka huwa ni cheni iliyokazwa kupita kiasi. Pima katikati ya sehemu ya chini, cheni ipande na kushuka mm 25 hadi 35, na upime tena ukizungusha tairi, maana kuna mahali inakaza na mahali inalegea. Usiliache: cheni iliyokazwa hula beringi ya shafti ya gia.

Usukani unaovuta upande mmoja unaweza kuwa umefungwa kombo tu. Bolti za fokifoki hulegezwa, unanyooshwa, zinakazwa. Ukiinua tairi la mbele na kugeuza usukani taratibu, ukahisi unanasa katikati, beringi ya shingo imekazwa mno. Ukisikia "kap" unapovuta fokifoki mbele na nyuma, beringi hiyo imelegea. Vyote ni vya fundi wa duka.

Halafu fanya kipimo cha uzi, ambacho wachache hukifanya. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili kwa kimo kile kile mpaka upite tairi la mbele, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Isipokuwa sawa, kagua kwanza alama za kukazia cheni mkono wa kushoto na wa kulia kama zinalingana. Zikilingana na bado uzi unakataa, fremu au mkono wa nyuma umepinda. Hapo hakuna cha kurekebisha, chombo kinarudi. Rimu nayo iangaliwe kwa kijiti kilichofungwa kwenye fokifoki: ikiyumba zaidi ya mm 2, spoku zirudiwe kukazwa au rimu ibadilishwe.

Umeme

Pikipiki imelala usiku, pima betri kwa mita: volti 12.4 hadi 12.8 ni nzuri. Bonyeza stata, ikishuka chini ya 9.6 au 10, betri ni dhaifu. Washa injini, panda resi ya kati: inatakiwa isome takriban 13.5 hadi 14.8. Chini ya 13, tazama soketi zilizolegea, kisha rekitifaya (kidhibiti cha chaji) na koili ya chaji. Ikizidi 15, rekitifaya haidhibiti, na ndiyo sababu taa zinaungua na betri inachemka.

Betri inayokufa mwezi wa kwanza, chaji ikiwa sawa, mara nyingi iliharibiwa siku ya kuuzwa. Betri kavu ikitiwa asidi inatakiwa ipumzike kama nusu saa, kisha ichajiwe polepole kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampia 0.5 kwa betri ya Ah 5, kwa saa kadhaa. Dukani hutiwa asidi na kufungwa papo hapo. Siku ya kununua, uliza ilichajiwa kwa muda wa saa ngapi.

Kuirudisha

Gawanya madai yako. Waya, betri, tenki, kabureta, usukani na spoku ni vya kutengenezwa bure, na kudai pesa zote kwa vitu hivyo kutakufanya uonekane mkorofi bure. Fremu iliyopinda, injini inayogonga au kula oili, gia inayoruka, au dalili kwamba injini imewahi kufunguliwa kabla hujainunua, hivyo dai pikipiki nyingine au fedha. Kwa maoni yetu, tatizo moja likirudi mara ya tatu baada ya kutengenezwa dukani, nalo lihamie kundi hili.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hiyo auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Ina mitego miwili. Kasoro ambayo ulipaswa kuiona ulipokagua, huwezi kuidai baadaye. Kwa hiyo kagua rangi, mikwaruzo, kioo na namba ukiwa bado dukani. Na ukikaa na chombo muda mrefu bila kusema unakikataa, unahesabiwa umekipokea: fidia na matengenezo bado unaweza kudai, lakini si kurudisha. Bodaboda anayeendelea kukimbizia hesabu ya tajiri (mwenye pikipiki) kila siku huku akilalamika kwa simu anaujenga utetezi wa muuzaji. Ukiamua kuikataa, ipaki.

Anayedai ni yule ambaye jina lake liko kwenye risiti. Kijana aliyepewa pikipiki kwa mkataba amjulishe tajiri wake siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa maandishi. Iliyonunuliwa kwa mkopo, taasisi iliyokopesha ijulishwe kabla ya kubadilishana chochote.

Unabeba risiti ya EFD, nakala ya kadi ya usajili, kitabu cha waranti chenye mihuri ya sevisi, risiti za mafuta na video. Ukifika, omba fomu ya kazi iandikwe tatizo kwa maneno yako, kilomita na tarehe, usaini na ubaki na nakala. "Iache tu bosi, tutaiangalia" haitoshi. Siku za kukaa karakana bila karatasi hazihesabiki popote.

Ukishindwa kuelewana, andika barua. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo:

YAH: KUKATAA PIKIPIKI YENYE NAMBA YA FREMU … NA NAMBA YA INJINI …
Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe … nilinunua dukani kwenu pikipiki tajwa kwa Sh. …, risiti ya EFD namba … . Ikiwa imetembea kilomita … ilianza kutoa moshi wa bluu na kupunguza oili. Iliingizwa karakana yenu tarehe … na tarehe …, na tatizo halijaisha. Kwa barua hii naikataa pikipiki hiyo na naomba nirudishiwe fedha zangu au nipewe nyingine mpya ya aina hiyo ndani ya siku 14. Pikipiki haitumiki tangu tarehe … na ipo … kwa ajili ya kukaguliwa na kuchukuliwa.

Sentensi ya mwisho ina kazi. Kama mkataba haukusema vinginevyo, aliyekataa bidhaa halazimiki kuirudisha mwenyewe. Kumjulisha muuzaji kunatosha. Ukiamua kuisafirisha, iwe kwa kirikuu kutoka Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi au kwa meli kutoka Nansio, tunza risiti ya mzigo uiongeze kwenye madai.

Siku 14 zikipita kimya, nenda Tume ya Ushindani (FCC), yenye ofisi ya kanda Mwanza, na faili lako lote. Inapokea malalamiko ya walaji, na wakati mwingine barua yake moja hufungua milango iliyokuwa imefungwa. Njia nyingine ni mahakama ya mwanzo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza madai ya thamani ya pikipiki.

Wakikubali kubadilisha injini tu, usiondoke kabla ya kupata barua yao yenye namba ya injini ya zamani na mpya pamoja na nyaraka za injini hiyo, kisha upeleke TRA (Mamlaka ya Mapato) taarifa za kadi zibadilishwe. Trafiki akikukuta na namba ya injini isiyolingana na kadi, maelezo ya waranti hayatakusaidia barabarani. Na wakikupa pikipiki nyingine, kadi ya ile ya kwanza iko kwa jina lako: uhamisho wake uandikwe kwenye makubaliano, pamoja na nani analipia usajili na bima ya hii mpya.